Tusigawe anwani moja ya barua pepe kwa kila anayeiomba

Mfanyabiashara wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, hagawi namba ya simu ovyo. Mfukoni ana laini ya Tanzania na laini ya Zambia. Moja wanayo mke, watoto, wazazi na wale watu wawili watatu anaowaamini kwa fedha. Nyingine ndiyo anayowapa wateja wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, wabadilisha kwacha na madereva wanaokwenda Lubumbashi, Kongo, na kurudi. Meseji za matapeli zikizidi kwenye laini ya biashara, anaizima jioni na familia bado inampata. Akili hiyo ya mpakani imewaokoa wengi.

Kwenye barua pepe akili hiyo haitumiki. Anwani aliyofungulia akaunti ya benki ndiyo iliyoandikwa kwa rangi kwenye bango la ofisi. Ndiyo aliyoijaza kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina, kwenye shindano la zawadi, kwenye tovuti ya kubashiri mechi, kwenye duka lililoahidi punguzo na kwenye kila programu ya simu iliyoiomba. Ikishasambaa hivyo hairudi. Barua taka zinaanza kumiminika: umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza, kuna kazi Kanada isiyo na usaili, kuna mkopo usio na dhamana, mzigo wako umekwama forodhani na unatakiwa ulipie leo. Kwa mtu wa Tunduma hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, maana yeye kweli ana mzigo forodhani.

Maoni yetu ni haya. Kila anayetumia barua pepe katika mkoa huu wa Songwe awe na anwani zaidi ya moja, kila anayemwomba ampe yake, na ile ya kweli abaki nayo kwa mambo makubwa machache. Njia za kufanya hivyo zipo, kadhaa ni za bure, na hazihitaji shahada ya kompyuta.

Songwe ina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito kuliko mikoa mingi. Mkoa wetu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.3, unaishi kwa kahawa ya Mbozi, mahindi, na barabara. Tangu Oktoba 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani Tunduma na Nakonde, karatasi zimezidi kupungua na mifumo ya kompyuta imezidi kuongezeka. Lori moja la shaba au la mafuta lina msururu wa barua pepe nyuma yake: mwenye mzigo Lubumbashi au Ndola, wakala wa Dar es Salaam, wakala wa Tunduma, wakala wa Nakonde, mwenye lori, kampuni ya bima, benki. Ankara, proforma, hati ya mzigo na nakala ya malipo vyote vinapita humo. Ukiingia katika barua pepe ya wakala mmoja wa forodha, unaona biashara ya nchi tatu.

Na si mawakala peke yao. Kijana wa Vwawa anayetafuta kazi serikalini lazima ajisajili kwenye Ajira Portal, na huko anatakiwa anwani ya barua pepe. Mama anayesajili jina la biashara BRELA anaombwa anwani. Fundi anayetaka zabuni ya kutengeneza madawati ya halmashauri anaingia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma ulioanza mwaka 2023, naye anaombwa anwani. Mwanafunzi anayeomba chuo, mlipakodi anayewasilisha ritani TRA, wote wanaombwa. Serikali imeigeuza barua pepe kuwa sehemu ya utambulisho wa raia, lakini hakuna aliyekaa na raia huyo akamweleza namna ya kuitunza.

Matokeo yake tunayaona steshenari. Pita kwenye steshenari yoyote ya Tunduma, Mlowo au Vwawa msimu wa maombi ya vyuo. Mteja anakuja na vyeti kwenye bahasha ya kaki. Hana barua pepe, au anayo lakini haikumbuki. Kijana wa steshenari anamfungulia mpya kwa dakika chache, anachagua nywila yeye, anaiandika kwenye daftari la kaunta au nyuma ya risiti, kisha anaendelea na anayefuata. Mara nyingi nywila ni ileile kwa wateja wote, ili asisumbuke kukumbuka. Wakati mwingine namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni ya steshenari yenyewe. Kijana huyo hana nia mbaya. Ana foleni mlangoni na umeme unaweza kukatika. Lakini anayeliokota daftari lile amepata maombi ya kazi, namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa na picha za watu wa mtaa mzima.

Dukani kwa simu hali ni hiyohiyo. Simu ya Android inaomba akaunti ya Google inapowashwa mara ya kwanza, muuzaji anafungua moja haraka, anaweka jina lolote, na mwenye simu anaondoka bila kujua anwani yake wala nywila. Miaka miwili baadaye simu inafutwa na kuwashwa upya, inadai akaunti ya mwanzo, na fundi anatoza fedha kuifungua. Picha za msiba, namba za wateja, risiti, vyote vimekwenda. Watu wengi wanadhani simu ndiyo mbovu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabla ya ujanja mwingine wowote ni kuijua anwani yako ya kweli na kuishika mkononi mwako. Ifungue mwenyewe kwenye simu yako, nywila iwe ndefu na isitumike mahali pengine, namba ya kurejeshea iwe yako, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kama ilifunguliwa steshenari, badilisha nywila leo. Anwani hiyo iwe ya benki, TRA, BRELA, NeST, Ajira Portal, chuo na familia. Isiandikwe kwenye bango wala kwenye mlango wa lori.

Baada ya hapo ndipo zinapokuja anwani mbadala. Anwani mbadala ni anwani ya ziada isiyo na kikasha chake yenyewe. Barua ikitumwa huko inapokelewa na kupelekwa kwenye kikasha chako cha kawaida, unaisoma hapohapo ulipozoea. Siku ukiona anwani hiyo imeanza kuleta takataka, unaifunga hiyo moja tu. Nyingine zote zinaendelea kufanya kazi, na benki yako haijui kwamba kuna kilichobadilika.

Ya rahisi kabisa iko ndani ya Gmail, ambayo wengi wetu tunayo tayari. Kama anwani yako ni jinalako@gmail.com, unaweza kuandika jinalako+gesti@gmail.com ukiwa gesti, jinalako+kahawa@gmail.com kwa mnunuzi wa kahawa, na jinalako+semina@gmail.com kwenye semina. Hujasajili chochote. Google inapuuza kila kilichoandikwa baada ya alama ya kujumlisha na kukuletea barua kama kawaida. Faida ni kwamba unaona barua imekuja kupitia mlango gani. Ukipokea tangazo la dawa za nguvu kwenye anwani uliyompa mwenye gesti peke yake, umeshajua nani ameuza au ameacha orodha yake ikaibwa. Unatengeneza kichujio, na kila kinachoingia kwa anwani hiyo kinakwenda moja kwa moja kwenye taka.

Lakini tusiisifie njia hii kupita kiasi. Yeyote anayeiona anwani hiyo anaona pia ile ya kweli, akiondoa tu alama na neno linaloifuata. Watuma taka wanaojua kazi yao wana programu za kufanya hivyo kwa maelfu ya anwani kwa mpigo. Tovuti nyingine zinaikataa alama ya kujumlisha na kusema anwani si sahihi. Njia hii inakusaidia kupanga barua na kumjua mvujishaji, kukuficha, haikufichi.

Anayetaka kufichika atumie huduma zinazotengeneza anwani isiyofanana kabisa na ya kwake. Firefox Relay ya Mozilla inatoa anwani tano bila malipo. SimpleLogin, iliyonunuliwa na kampuni ya Proton ya Uswisi mwaka 2022, inatoa kumi bila malipo. DuckDuckGo inatoa anwani zinazoishia na duck.com bila malipo, na inafanya jambo moja la ziada ambalo tunalipenda: inaondoa vijipicha vya upelelezi ndani ya barua kabla haijakufikia. Barua nyingi za matangazo zina picha ndogo isiyoonekana kwa macho. Ukifungua barua, picha hiyo inaitwa kutoka kwenye mtambo wa mtumaji, naye anajua kwamba umefungua, saa ngapi, na wakati mwingine hata uko nchi gani. Wenye simu za Apple nao wana huduma ya anwani mbadala, ingawa kuzalisha anwani kila unapotaka kunahitaji kulipia iCloud+.

Wakala wa forodha, mwenye malori au chama cha ushirika chenye fedha kidogo afanye kubwa zaidi: asajili jina lake la tovuti linaloishia na co.tz au or.tz. Akishakuwa nalo anatengeneza anwani anazotaka: ya ankara, ya madereva, ya zabuni, ya bango. Ile ya bango ikijaa taka anaiondoa na kuweka nyingine. Tunashangaa kuona kampuni inayosafirisha mizigo ya mamilioni kila wiki ikitumia anwani moja ya bure ambayo nywila yake wanaijua wafanyakazi wanne, na wawili kati yao walishaacha kazi.

Hapo ndipo hasara kubwa ilipo, na tunaomba mawakala watusikilize. Barua taka ya bahati nasibu inakera tu. Barua inayokula mtaji ni ile inayofanana na ya mshirika wako. Tapeli anasoma mazungumzo kwa wiki kadhaa akiwa ndani ya kikasha cha mtu mmoja katika msururu ule tuliouelezea. Anajua jina la mwenye mzigo, namba ya kontena, kiasi kinachodaiwa. Siku ya malipo anatuma ankara iliyo sawa kila kitu, isipokuwa namba ya akaunti ya benki. Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walipokea mwaka 2023 malalamiko ya aina hii ya wizi yenye hasara ya dola bilioni 2.9, na hizo ni zile zilizoripotiwa kwao tu. Wizi huu unapenda biashara za masafa marefu, ambako anayelipa na anayelipwa hawakutani uso kwa uso. Hiyo ndiyo biashara ya Tunduma.

Anwani mbadala inasaidia hivi. Ukimpa mwenye mzigo wa Lubumbashi anwani ambayo hakuna mwingine duniani anayeijua, barua inayodai kutoka kwake lakini ikaja kupitia anwani ya bango ni ya kutiliwa shaka papo hapo. Huhitaji kuchunguza sarufi wala nembo. Lakini kama tapeli yumo ndani ya kikasha cha mshirika wako, atatumia anwani sahihi, na hapo anwani mbadala haitakuokoa. Dawa ya hapo ni moja: akaunti ya malipo ikibadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, sikia sauti unayoijua, ndipo ulipe. Namba iliyoandikwa kwenye barua yenyewe usiipige.

Msomaji anaweza kusema kwamba hapa kwetu shida kubwa ni simu, na barua pepe ni ya wachache. Ni kweli kwamba meseji ndizo zinazotutesa. Ile ya kutuma hela kwenye namba nyingine imekuwa sehemu ya maisha, pamoja na ya mtoto aliyezidiwa shuleni na ya mganga anayejua jina la adui yako. Takwimu za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiwataja majirani zetu wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Kila anayepata meseji ya namna hiyo aitume kwenda 15040, namba ya bure ya kuripoti, ili laini hiyo ifungiwe.

Lakini hoja hiyo inatupa sababu ya kutumia barua pepe kwa busara zaidi. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA. Huwezi kuwa na laini mpya kwa kila duka. Tena ukimpa mtu namba umempa na jina: akiiingiza kwenye simu yake kana kwamba anataka kukutumia fedha, jina lako lililosajiliwa linatokea kwenye kioo. Barua pepe haina kifungo hicho. Unaweza kuwa nazo kumi, kila moja na kazi yake, na hakuna hata moja inayomwambia mgeni jina la baba yako. Kwa hiyo mahali popote unapoulizwa namba au barua pepe, na huna haja ya kupigiwa simu, mpe barua pepe, na iwe mbadala. Mahali wanapotaka namba tu, uliza ni ya nini.

Tumeona matunda ya kutouliza. Programu za mikopo ya mtandaoni ziliingia kwenye simu za watu, zikaomba ruhusa ya kusoma orodha yote ya majina, na mkopaji alipochelewa siku mbili, shemeji yake, mwalimu wa mtoto wake na mchungaji wake wakatumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kenya, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, mwenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 mwezi Septemba 2023 kwa kutumia namba za watu ambao hawakukopa chochote. Walioaibishwa hawakuwa wamempa mkopeshaji namba. Aliwapata kupitia simu ya ndugu yao. Taarifa ya mtu haivuji kwa kosa lake peke yake, na ndiyo maana tunalisema jambo hili kwa mkoa mzima badala ya kumwachia kila mmoja na simu yake.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kutuma ujumbe usioombwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Aprili 2024. Sheria hiyo inasema taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi zinazohitajika, na zisipelekwe kwa lengo jingine. Inampa mwananchi haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara. Inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume. Ng'ambo ya geti, Zambia nayo ina sheria yake ya mwaka 2021, na Kongo iliweka masharti yake katika kanuni za kidijitali za mwaka 2023. Mfanyabiashara wa Tunduma ana ulinzi wa kisheria katika nchi zote tatu anazofanyia kazi, na tunaamini wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

Ukiwa na anwani mbadala, sheria hizo zinapata meno mkononi mwako. Malalamiko mengi hufa kwa sababu mlalamikaji hawezi kuonyesha nani alivujisha. Mtu aliyetoa anwani moja kwa watu mia moja ana washukiwa mia moja. Aliyempa kila mmoja yake anakwenda kwenye Tume na ushahidi wa mstari mmoja: anwani hii niliitoa kwa fulani tu, tarehe fulani, na hizi hapa barua za watu nisiowajua.

Kuna ya kuangalia. Usiweke anwani mbadala kwenye jambo la miaka mingi kama mafao, hati ya ardhi au vyeti vya chuo; huduma inayoizalisha inaweza kufungwa, nawe ukakosa njia ya kurejesha akaunti. Andika mahali salama ni anwani ipi umempa nani, la sivyo baada ya miezi sita hutajua. Kabla ya kujibu barua, hakikisha jibu linatoka kwa ile mbadala, maana ukijibu moja kwa moja kutoka Gmail ya kawaida umeshamwonyesha kila kitu. Na kwenye barua za watu usiowajua usibofye sehemu ya kujiondoa, kwa sababu kwa tapeli kubofya huko ni uthibitisho kwamba anwani ina mtu. Kwa makampuni makubwa ni tofauti. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo zinawalazimisha watumaji wa wingi kuweka njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, hivyo hao jiondoe bila hofu.

Wapo pia watakaosema kwamba kuficha anwani ni dalili ya mtu mwenye jambo la kuficha. Tunalikataa hilo. Anwani mbadala haimfichi mtu kwa TRA, wala kwa mahakama, wala kwa polisi wenye amri halali. Huduma zote tulizozitaja zinajua barua inapelekwa kwa nani. Inamficha kwa mwuza orodha, kwa tapeli na kwa mtangazaji asiyealikwa. Mwizi anayetaka kujificha ana njia zake na hakungoja makala haya. Mwenye kuhitaji ulinzi ni mama wa chama cha ushirika, AMCOS, anayepokea bei ya kahawa kwa barua pepe na dereva ambaye mkataba wake umo humohumo.

Lawama kubwa, hata hivyo, tunaielekeza kwa wanaokusanya. Kwa nini karatasi ya mahudhurio ya semina ya saa mbili inataka jina, namba ya simu, barua pepe na saini, kisha inazungushwa meza hadi meza ili kila mmoja aone za wenzake? Kwa nini daftari la gesti linalala wazi kaunta, likiwa na namba za wageni wa mwezi mzima? Kwa nini duka linataka barua pepe ya mtu aliyenunua chaja? Halmashauri, makanisa, misikiti, vikoba, shule na vyama vya siasa vyote vina orodha hizi, na ni vichache vinavyoweza kueleza ziko wapi baada ya mwaka. Orodha isiyokusanywa haiwezi kuibwa. Tunataka ofisi za umma za mkoa huu zianze: zifute safu ya barua pepe kwenye kila fomu ambayo haina haja nayo, na zile zenye haja ziandike juu ya fomu ni kwa ajili ya nini na zitatunzwa mpaka lini.

Chama cha Mawakala wa Forodha, TAFFA, kina wanachama hapa mpakani na kina uwezo wa kuwakutanisha kwa siku moja kuhusu anwani, nywila na ankara za kughushi. Siku hiyo itakuwa na faida kubwa kuliko mafunzo mengi yanayofanyika. Wenye steshenari nao wafundishwe, kwa kuwa wao ndio walimu wa kweli wa intaneti katika miji yetu. Wakubaliane jambo moja dogo: mteja aandike nywila yake mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe, na daftari la kaunta lichomwe moto.

Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye makao yake Dodoma, tunaiomba ifike Tunduma. Isiishie Mbeya. Ikae hapa getini siku tatu, izungumze na mawakala, wenye gesti, madereva na vijana wa steshenari kwa Kiswahili cha kawaida, na iache dawati la kupokea malalamiko. Msomaji, wewe usiingoje. Fungua simu yako leo, tengeneza anwani mbadala moja, na mtu wa kwanza atakayekuomba barua pepe kesho mpe hiyo.